Mgonjwa Mwenyewe Ameulizwa?

Raila Odinga alipofariki India tarehe 15 Oktoba 2025, kilichonigusa kuliko umati wa Kasarani na wa uwanja wa Nyayo ni haraka ya mazishi yenyewe. Familia ilisema mzee alikuwa ameacha wosia kwamba azikwe ndani ya saa 72. Basi nchi nzima ikaingia mbioni. Mwili ulifika Alhamisi, na Jumapili ukawa kaburini Kang'o ka Jaramogi, Bondo. Hii ni nchi ambayo mtu mdogo sana kuliko yeye hulazwa mochari wiki mbili, tatu, kamati zikikaa na tarehe zikisogezwa. Safari hii wengi walilalamika kwamba hawakupata nafasi ya kumlilia vya kutosha, lakini abiria niliokaa nao kwenye matatu za Barabara ya Jogoo hawakuthubutu kuupinga wosia. Mzee alikuwa amesema, na mjadala ukaishia hapo.

Haikuwa hivi siku zote. Wakubwa wetu waliishuhudia kesi ya S.M. Otieno, wakili wa Nairobi aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, aliiambia mahakama kwamba mumewe alitaka kuzikwa upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukashikilia kwamba Mjaluo huzikwa kwao. Kesi ilivuta miezi, maiti ikiwa baridini, hadi Mei 1987 Mahakama ya Rufani ilipoupa ukoo haki na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya. Kauli yake mwenyewe ilipimwa ikaonekana nyepesi kuliko mila. Kisha Septemba 2011 Wangari Maathai akafariki, akiwa amesema hataki jeneza la mbao. Alitengenezewa jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, akachomwa kwenye tanuri la maiti la Kariokor, Nairobi, na waliokereka walikereka kimyakimya.

Kwa hiyo, taratibu, tunajifunza kuwasikiliza waliokwisha kufa. Anayeachwa nje ni yule ambaye bado anapumua. Anasikia, ana akili zake, ana maoni yake kuhusu mrija na mashine na kitanda na nani aingie chumbani, na hakuna anayemuuliza. Hapa Nairobi unaweza kueleza unavyotaka kuzikwa na watu wakakutii. Jaribu kueleza unavyotaka kufa. Utaambiwa usiseme hivyo, ashindwe, Mungu yupo, kisha mazungumzo yahamishiwe kwenye bei ya unga.

Duniani wapo watu walioifanya kuwa kazi ya maisha yao kulisema jambo hilo kwa sauti. Kuna wanaowaita watetezi wa haki ya kufa, na kuna wanaowaita wauaji. Nimekuwa nikiwafuatilia tangu mdogo wake mama yangu alipougua, na nataka kuwazungumzia kwa heshima, ingawa kuna mahali njia yangu na yao zinaachana.

Derek Humphry, mwandishi wa habari Mwingereza, alimsaidia mkewe Jean kufa mwaka 1975, saratani ikiwa imeshaingia mifupani. Mwaka 1980, akiwa California, akaanzisha Hemlock Society, chama kilichovizaa vingine vingi Marekani. Wapiga kura wa Oregon walipitisha sheria yao mwaka 1994 na ikaanza kutumika mwaka 1997: mgonjwa ambaye madaktari wawili wamekubaliana kwamba hana zaidi ya miezi sita anaweza kuandikiwa dawa ya kumaliza maisha yake, na lazima ainywe mwenyewe. Kule Kanada, Sue Rodriguez, mwanamke aliyekuwa akiishiwa na misuli kwa ugonjwa wa neva usio na tiba, aliipeleka hoja yake hadi Mahakama ya Juu, akashindwa mwaka 1993 kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mahakama hiyohiyo ilibadilisha msimamo mwaka 2015, naye alikuwa amekwisha kufa zamani. Uswisi wana Dignitas tangu 1998, ambako wagonjwa wa nchi nyingine husafiri kwenda kufa. Bunge la Uholanzi na la Ubelgiji walikuwa na sheria zao kufikia 2002.

Hizo ni nchi za mbali, na ni rahisi kusema mambo ya Wazungu. Ila mjadala huu umekwisha kufika kwenye bara letu. Sean Davison, profesa aliyefundisha Cape Town, alishtakiwa New Zealand, nchi alikozaliwa, kwa kumsaidia kufa mama yake mzazi, daktari aliyekuwa na saratani, mwaka 2006. Alihukumiwa kifungo cha nyumbani. Aliporudi Afrika Kusini alianzisha DignitySA kudai sheria ibadilishwe, na mwaka 2019 akakiri tena mahakamani, mara hii kwa vifo vya watu watatu aliowasaidia, akapewa kifungo kilichosimamishwa na miaka mitatu ya kuzuiliwa nyumbani. Wakili Robin Stransham-Ford, mwenye saratani ya tezi dume, aliiomba mahakama ya Pretoria imruhusu kusaidiwa na daktari. Aprili 2015 jaji alimkubalia. Stransham-Ford alikuwa amefariki saa chache kabla ya uamuzi kusomwa, kifo cha kawaida, bila kujua kwamba ameshinda. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaufuta ushindi huo.

Aliyenifanya nisimame na kufikiri ni Askofu Desmond Tutu. Mwaka 2014 alisema hadharani kwamba anaunga mkono watu wanaokaribia kufa wapewe hiari hiyo, na mwaka 2016, alipotimiza miaka 85, akasema hiari hiyo angeitaka na yeye. Alikumbusha namna Nelson Mandela alivyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 2013, mgonjwa, amezungukwa na wanasiasa wanaotabasamu, na akasema huko kulikuwa kumvunjia heshima Madiba. Huwezi kumjibu Tutu kwa kumwambia hamjui Mungu. Alifariki Desemba 2021 bila kuitumia hiari aliyoipigania, maana sheria ya kwao haijairuhusu hadi alipoondoka.

Sasa nirudi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, kwangu.

Mama mdogo aliletwa Nairobi kutoka Kitale akiwa hawezi tena kumeza ugali. Kisha uji mzito ukashindikana, kisha hata chai ikawa inarudi. Saratani ya umio. Alifikia kwangu kwa sababu naishi ghorofa ya chini na hangeweza ngazi. Majibu yalipotoka, daktari aliwaita wajomba zangu kando, karibu na lifti, akawaeleza kwa Kiingereza. Walirudi na uamuzi tayari: asiambiwe. Aambiwe ni vidonda vya tumbo vilivyokomaa. Akijua atakata tamaa, na akikata tamaa atakufa haraka.

Mama mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote ya kazi. Mtoto aliyekuja na uongo alimtambua akiwa bado mlangoni. Jioni ile, nikimkanda miguu, aliniuliza, "Wale ndugu zangu walikuwa wakizungumza habari za mwili wa nani?"

Sitaki wajomba zangu waonekane wabaya. Mmoja aliuza ng'ombe wawili wa maziwa, mwingine alikopa sacco mkopo ambao bado anaulipa. Kuficha ndiyo ilikuwa namna yao ya kumpenda, na familia nyingi ninazozijua hapa mjini zimefanya hivyohivyo. Methali inasema mficha maradhi kilio humuumbua, na inamlenga mgonjwa. Katika wodi za Nairobi wanaoficha ni wazima, tena wanamficha mwenye maradhi.

Ukaja mjadala wa mrija wa kupitishia chakula tumboni. Kundi la WhatsApp la familia lilikuwa na watu wa Kitale, wa Mombasa na hata wa Doha, kila mmoja na maoni yake. Kuna aliyekuwa amesikia kuhusu hospitali India. Kuna aliyetuma sauti ya maombi ya dakika kumi. Mwenye tumbo lenyewe hakuwamo kwenye kundi.

Aliyegeuza mambo ni daktari mmoja kijana, mwanamke, aliyekuja zamu ya mchana. Alivuta kiti hadi karibu na kitanda, akatuomba sote tutoke, hata wajomba. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alitwambia bila kupaza sauti: "Mama anajua. Amejua kwa muda. Hataki mrija. Anataka dawa ya maumivu, anataka kurudi nyumbani kwake, na anataka kuzungumza na wanawe kuhusu shamba kabla hamjaanza kuligombania." Mjomba mkubwa alikaa kwenye benchi la korido akashika kichwa. Nadhani alikuwa amechoka kubeba siri ambayo haikuwa siri.

Kabla ya siku hiyo kulikuwa na usiku mmoja ambao siwezi kuusimulia kwa wepesi. Maumivu yalikuwa yakipanda kutoka kifuani hadi mgongoni, na vidonge tulivyokuwa navyo havikufua dafu. Mama mdogo, mama wa kanisa, mtu ambaye hata jina la ugonjwa aliogopa kulitaja, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, kama kuna kitu, nipe niende." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi. Niliwaelewa wale watetezi wa mbali usiku ule zaidi ya vile ambavyo maandishi yao yote yangenielewesha. Ombi lao halizaliwi na ukosefu wa imani. Mtu anaweza kuamini ufufuo na bado akaomba yaishe.

Hospisi, huduma ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, ndiyo iliyotusaidia. Tulipewa mofini, dawa kali ya maumivu, ya maji ndani ya chupa ya plastiki, na bomba dogo la kupimia, anywe kila baada ya saa nne. Muuguzi alitufundisha kwa uvumilivu mkubwa, akatuonya kuhusu tumbo kufunga, akamjibu mjomba aliyeuliza kama dada yake atageuka mraibu. Mama mdogo alilala. Alipoamka aliomba redio. Tulimrudisha Kitale, akaishi hadi mahindi yalipopandwa, akawakalisha wanawe mbele ya wazee wa mtaa na kuwaonyesha mipaka ya shamba kwa kinywa chake. Ombi la usiku ule hakulirudia tena.

Hapa mwandishi mwingine angefunga hoja: mnaona, ukiwapa watu mofini hawaombi kufa. Ni hoja ya kweli kwa mama mdogo, na naamini ni kweli kwa wagonjwa wengi wa Kenya. Lakini haiwajibu watetezi wote, na si haki kujifanya inawajibu. Oregon huchapisha ripoti kila mwaka, na mwaka baada ya mwaka sababu zinazotajwa zaidi na wagonjwa walioomba dawa ile si maumivu. Wanataja kupoteza uwezo wa kujiamulia, kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha yao ladha, kuvunjikiwa na heshima. Wengi wao wanapata huduma ya hospisi tayari. Na takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hawainywi kabisa. Huiweka tu, wakijua ipo, na kifo kikawakuta kwa njia yake. Jambo hilo limenikaa akilini kwa muda mrefu. Linaonyesha kwamba wengi wa watu hao wanachokitafuta hasa ni kuulizwa, kuwa na neno la mwisho juu ya mwili wao hata kama hawatalitumia.

Hapo ndipo nakubaliana nao kabisa. Ninapoachana nao ni hapa Nairobi, kwenye dirisha la malipo.

Mgonjwa wa jiji hili anaijua bei yake. Anasikia simu zikipigwa koridoni, anasikia bima imefika kikomo, anasikia nambari ya mchango ikisomwa. Binti yake ameacha kazi ili amuuguze. Mtoto wa kidato cha tatu yuko nyumbani kwa sababu karo imeingia kwenye dawa. Anajua kwamba hata akifa, maiti yake inaweza kuzuiliwa mochari mpaka bili ilipwe, kwa sababu amewaona majirani yakiwapata. Mtu wa aina hiyo ukimwekea mbele karatasi ya kuchagua kufa, hachagui akiwa huru. Atatia sahihi kwa ajili ya karo ya mjukuu. Na atatwambia, kwa tabasamu, kwamba ni uamuzi wake mwenyewe. Wazazi wetu wametudanganya hivyo maisha yao yote, wakisema wameshiba ili sisi tule.

Hofu hii si yangu pekee wala si ya Waafrika pekee. Marekani, Diane Coleman, mwanamke aliyetumia kiti cha magurudumu, alianzisha mwaka 1996 kundi la watu wenye ulemavu la Not Dead Yet, kupinga sheria za kusaidiwa kufa. Walisema jamii isiyowapa ngazi mteremko, msaidizi wala nyumba ina haraka ya ajabu kuwapa kifo. Kanada ilianza mwaka 2016 na wagonjwa ambao kifo chao kilionekana kinakuja, na kufikia 2021 sheria ikapanuliwa kwa watu ambao hawakuwa karibu kufa. Mashirika ya walemavu ya huko yalipinga upanuzi huo kwa nguvu. Nikiwaza mlango kama huo ukifunguliwa katika nchi ambayo mtu hulala chini hospitalini akisubiri zamu ya mionzi, naogopa, na sioni aibu kusema naogopa.

Sheria yetu kwa sasa haina utata. Katiba ya 2010, Kifungu cha 26, inalinda uhai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 225, inasema anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha. Kilichobadilika ni upande wa aliyetaka kufa: Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kifungu cha 226, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kuwa kinapingana na Katiba. Nilifurahi sana siku ile. Mtu aliyefika ukingoni anahitaji wa kumsikiliza, na selo ilikuwa haimsikilizi mtu.

Kuna mchanganyiko mmoja unaowaumiza watu wengi, nao ni kudhani kwamba kukataa mashine ni kujiua. Nimemsikia mzee wa kanisa akimwambia mjane mtarajiwa kwamba akikubali mumewe aondolewe mashine ya kupumulia atajibu mbele za Mungu. Mwanamke yule alibaki na deni na hatia kwa pamoja. Mbona Papa Pius XII aliwaambia madaktari mwaka 1957 kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na kwamba kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama huenda ikafupisha siku zake? Kanisa Katoliki linafundisha hivyo hadi leo. Wanaolihubiri jambo hili kwenye mimbari za Nairobi siwasikii, na ningeomba sana waanze.

Sheria ya Afya ya 2017 nayo imesema mambo ambayo hata wahudumu wengi hawayafanyii kazi. Inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, kwa lugha anayoielewa. Kando ya lifti kwa Kiingereza kwa wajomba hakumo. Inaruhusu kunyamaza pale tu penye ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza kutakwenda kinyume na maslahi yake. Inamtambua mgonjwa kuwa na haki ya kukataa matibabu akishaelezwa matokeo yake. Na ina jambo moja ambalo ningependa kila msomaji alishike: ukiwa huwezi kutoa ridhaa mwenyewe, anayeweza kutoa kwa niaba yako ni yule uliyempa mamlaka hayo kwa maandishi. Kwa maandishi. Usipoandika, utaachwa mikononi mwa mwenye sauti kubwa zaidi kwenye kundi la WhatsApp.

Yangu nimeiandika. Ni ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi. Nimemtaja binamu yangu, bintiye mama mdogo, kwa sababu hatetereki akipigiwa kelele. Nimesema niambiwe ukweli wote, kwanza mimi kabla ya kaka zangu. Nimesema nisiwekwe kwenye mashine ikiwa madaktari hawaoni njia ya kurudi. Nimesema shamba la Kitale lisiuzwe kwa ajili ya ICU. Mume wangu alipousoma alikasirika siku nzima, akisema namwita mauti. Tulizungumza hadi usiku wa manane, na katika mazungumzo hayo nikajua kwamba yeye anaogopa zaidi kufia hospitalini peke yake kuliko kufa kwenyewe. Tumeoana miaka mingi. Sikuwa nalijua hilo.

Watetezi wa kwetu wapo, ingawa hawaitwi hivyo na hawapigi kelele. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, ndani ya eneo la Hospitali ya Kenyatta. Daktari wake wa kwanza, Anne Merriman, alivuka mpaka baadaye na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na Uganda ikatutangulia: tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliofunzwa kuandika mofini, kwa hiyo mgonjwa wa kijijini hamsubiri daktari asiyekuwepo. Hapa kwetu, shirika la Human Rights Watch lilipochunguza mwaka 2010 lilikuta mofini ya kunywa katika hospitali saba tu za umma kati ya takriban 250, na likaandika habari za watoto wanaokufa wakilia. Dk. Zipporah Ali na wenzake wa KEHPCA, muungano wa hospisi na huduma za tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, nchini, wamesukuma miaka nenda miaka rudi ili huduma hiyo iingie katika hospitali za serikali. Mengi yamesogea tangu hapo, na serikali sasa ina sera ya tiba shufaa ya 2021 hadi 2030. Lakini bado kuna kaunti ndogo nzima ambazo mtu wa saratani hupewa panadol.

Kuhusu mofini, kuna takwimu ambayo ilinitoa machozi ya hasira. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu na haina mwenye hakimiliki. Kinachoikwamisha ni hofu ya uraibu, ukiritimba wa vibali, mafunzo haba, na kwamba mtu anayekufa hapigi kura ijayo.

Kwa hiyo nikikutana na mmoja wa watetezi wale, mwenzake Davison kwa mfano, akiniuliza Kenya iko wapi, nitamwambia kwamba swali lao ni letu pia, jibu lao kwa sasa silitaki. Nitamweleza sababu yangu ni ya wakati huu na mahali hapa. Sisemi milele. Kuna mtu leo katika nyumba fulani ya Kilimani au Kayole, mwenye ugonjwa wa misuli kama wa Sue Rodriguez, ambaye mofini haimsaidii kitu, asiyedaiwa na mtu, anayeona wazi kinachokuja na anajua anachokitaka. Sina jibu zuri la kumpa mtu huyo. Kumwambia avumilie kwa ajili ya maskini ambao wangeshinikizwa na sheria mpya ni kumtwika mzigo wa wengine, na nikisema nalala usingizi nikilifikiria hilo nitakuwa sisemi kweli. Akienda mahakamani kesho, kama Stransham-Ford alivyokwenda, sitajiunga na watakaomzomea nje ya lango la mahakama za Milimani. Nitataka asikilizwe hadi mwisho, na majaji waeleze kwa nini Kifungu cha 28 cha Katiba, kinachozungumzia utu wa mtu, kinamtosha au hakimtoshi.

Wakati huo haujafika, na kuna kazi ambayo haihitaji kesi wala kura ya maoni. Kaunti ziweke mofini ya kunywa kwenye orodha ya dawa za lazima za kila hospitali ya kaunti ndogo na zitenge fedha ya kuinunua. Bunge liwaruhusu wauguzi waliofunzwa waiandike, Uganda imekwisha kutuonyesha kwamba inawezekana. Vyuo vya udaktari vimtahini mwanafunzi namna ya kumwambia mtu kwamba ana ugonjwa usiopona, amwambie mwenyewe, kwa lugha yake, akiwa ameketi. Wanasheria wanaotoa ushauri wa bure pale uani kwa kanisa letu Umoja waongeze karatasi ya mamlaka ya matibabu kando ya wosia wa shamba. Nimeshamwomba mmoja wao, na amekubali tuanze na kina mama wa Jumuiya Jumamosi baada ya misa.